Furushi Lisibebwe Usiku Ule

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zetu na dada zetu, mliotoka Micheweni na mliotoka Mkoani, karibuni. Wanaume mliokubali kukaa nasi pia tunawashukuru, maana mengi ya leo yanakuhusuni kama baba, kaka na wajomba kabla ya kukuhusuni kama waume.

Leo tunazungumzia haki za mwanamke anapoachwa. Tutaanza na usiku wenyewe wa talaka. Mume kasema neno, mke kalia, na kabla ya alfajiri nguo zimeshafungwa kwenye kanga, mtoto yuko mgongoni, safari ya kwao. Kwetu hapa hiyo ndiyo inayohesabiwa heshima. Mwanamke aliyeachwa akibaki hata siku moja huambiwa hana haya, anang'ang'ania. Sisi tunaokaa na wanawake kwenye mabenchi ya Mahkama ya Kadhi tunasema kinyume chake, na tunasema kwa uchungu: haki nyingi za mwanamke hazipotei mbele ya kadhi. Zinapotea usiku ule, njiani, furushi likiwa kichwani.

Surat At-Talaq, aya ya kwanza kabisa, inakataza wanawake walioachwa kutolewa majumbani mwao ndani ya eda, yaani muda wa kungoja baada ya talaka, na inawakataza wao wenyewe kutoka. Aya inasema "nyumba zao", ijapokuwa nyumba ni ya mume. Maana yake kwa talaka rejea, ile ya kwanza au ya pili ambayo mume anaweza kumrejea mke ndani ya eda, eda inakaliwa palepale na nafaka, yaani matunzo ya mke, ni juu ya mume: chakula, nguo, malazi. Kwa kuwa katika fiqhi ya madhehebu ya Shafi, tunayoifuata wengi wetu, mume haruhusiwi kukaa faragha na mke aliyemwacha mpaka amrejee, anayefaa kuhamia kwa mamake wiki zile ni yeye mwanamme. Mara ngapi mmeona hivyo Pemba? Basi wazee wa pande zote mbili wakiitwa usiku huo, hilo ndilo la kuwaomba kwanza, kabla hata ya suluhu.

Kuna hali moja ambayo tunasema toka, tena mbio: ukipigwa, au ukitishiwa maisha. Hapo usisubiri asubuhi. Nenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, upewe fomu ya PF3, kisha hospitali. Vipo vituo vya Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na mshauri wanapatikana pamoja. Uliza hospitali ya wilaya yako. Usikoge na usifue nguo mpaka daktari akuone. Kutoka kwa kukimbia kipigo hakukuondolei haki, lakini siku hiyohiyo au ya pili yake sheha, kiongozi wa mtaa wenu, aambiwe na aandike.

Sasa turudi kwa yule aliyeambiwa "nenda kwenu". Hapa ndipo panapoumiza wengi, na tutakaa kidogo.

Maneno ya talaka yako namna mbili. Yapo ya wazi, kama "nimekuacha" au "nimekupa talaka", nayo hayahitaji kuulizwa nia. Yapo ya fumbo: "nenda kwenu", "sikutaki tena", "tafuta mwengine". Haya ya fumbo huwa talaka kama mume alinuia talaka aliposema. Mwanamke akisikia "nenda kwenu" akaenda, miezi minane baadaye akafika mahkamani kudai nafaka ya eda, mume huja akasema: "Mimi sikumwacha. Nilimwambia aende kwao akapumzike, akakaa hukohuko. Yeye ndiye aliyenikimbia." Kwa maneno hayo mwanamke aliyefika kudai anageuka wa kujibu. Anaambiwa amefanya nushuzi, yaani amemwasi mume, na mwenye nushuzi nafaka yake husimama. Si mke, si mtalaka, ananing'inia. Hawezi kuolewa, halishwi, na akiolewa kwa kudhani eda imekwisha, ndoa ile ya pili itakuwa na kasoro kubwa.

Kwa hivyo neno likitoka, mwulize papo hapo, mbele ya mtu: "Umeniacha? Talaka ngapi?" Najua ulimi unakuwa mzito saa ile. Ukishindwa wewe, ndugu yako au mama mkwe aulize. Jibu liandikwe kwenye daftari kama lilivyotamkwa, bila kupambwa: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo. Ikiwa talaka imekuja kwa simu, na siku hizi zinakuja sana, usifute ujumbe ule kwa hasira. Chukua simu nyengine upige picha inayoonesha namba, tarehe na maneno pamoja. Simu huanguka majini, huuzwa, huibiwa. Picha moja mpelekee dada yako akuhifadhie.

Karatasi ya talaka ni jambo la pili. Talaka inaswihi bila karatasi, hilo ni kweli, na wanaume wengi husimama hapo. Lakini bila karatasi utathibitisha vipi? Dai iandikwe na iwe na majina kamili ya nyote wawili, tarehe ya tamko (si tarehe ya kuandika tu), idadi ya talaka, kama kuna pesa zilizotolewa au hapana, saini yake na mashahidi wawili. Karatasi yenye "nimemwacha fulani" bila tarehe inakutia taabuni, kwa sababu eda haina mwanzo. Kisha talaka isajiliwe. Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar anasajili talaka kama anavyosajili ndoa, uzazi na vifo. Cheti hicho utakihitaji utakapotaka kuolewa tena, na utakihitaji pia kwenye mirathi. Mume akifariki ukiwa ndani ya eda ya talaka rejea, wewe unarithi, na eda yako inageuka ya kufiwa, miezi minne na siku 10 kuanzia kifo. Nduguze wengi watasema ulikwishaachwa. Tarehe ndiyo itakayosema nao.

Hesabu ya eda. Mitaani kila mwanamke huambiwa miezi mitatu. Miezi mitatu ni ya asiyepata hedhi kwa umri. Mjamzito eda yake ni mpaka ajifungue, hata kama ni kesho. Aliyeachwa kabla ya kuingiliwa hana eda, na kama mahari yalitajwa ana nusu yake. Anayepata hedhi anahesabu tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi, na tohara aliyoachwa ndani yake inahesabiwa, hata ikiwa imebaki siku moja. Tuchukue mfano. Umeachwa tarehe 3 Februari ukiwa tohara. Hedhi inakuja tarehe 12 Februari, tena 12 Machi, tena 9 Aprili. Damu ya tarehe 9 Aprili ikishaingia, eda imekwisha. Ni siku 65, si 90. Ukiachwa ndani ya hedhi, unangojea mpaka hedhi ya tatu baada ya ile iingie.

Tofauti hiyo si ya kitabuni tu. Mume akija tarehe 20 Aprili akasema "nimekurejea", amechelewa. Hapo hakuna rejea. Kuna posa mpya, walii, mahari mapya na ridhaa yako. Lakini bila tarehe za hedhi zako kwenye daftari utaambiwa eda ilikuwa bado, utarudishwa ukidhani ni halali. Na ndani ya eda, rejea ni kwa tamko, afadhali mbele ya mashahidi. Kurudi chumbani kimya kimya, kwa madhehebu yetu, si kurejea.

Upande wa pili yuko anayenyonyesha na hedhi imesimama. Huyu eda yake haikatiki kwa miezi mitatu. Anasubiri hedhi zirudi, na nafaka ya talaka rejea inaendelea muda wote huo. Ndiye anayedhulumiwa zaidi, maana mume hufunga mkono siku ya 90 na hakuna anayemwuliza. Aliyechoma sindano ya uzazi wa mpango ikamkatia hedhi asijihesabie mwenyewe; amweleze kadhi wazi, aibu iwekwe kando.

Nafaka hiyo isichanganywe na haki nyengine. Mahari yaliyobaki ni deni. Kiliwazo, yaani muta'a, kitu anachopewa mke cha kumliwaza kwa kuachwa, ni haki ya mwanamke aliyeachwa bila kosa lake, na kiasi chake kinaangalia uwezo wa mume. Wa talaka tatu, na kwa madhehebu yetu tatu zikitamkwa kwa mpigo zinahesabika tatu, nafaka yake imekatika isipokuwa awe mjamzito, lakini malazi ya eda anayo. Dai kila kimoja kwa jina lake. Anayesema "nataka haki zangu" mbele ya karani huandikiwa kidogo kuliko anayezitaja.

Halafu kuna kununua talaka. Mume hampi mkewe chakula, hamuachi, na akiombwa talaka anasema lete mahari yangu, au lete zaidi. Mwanamke anauza mkufu, anakopa kwa mama, analipa. Hiyo ni khului, na ipo katika sheria kwa mwanamke aliyemchoka mume asiye na kosa. Aliyenyimwa nafaka, aliyepigwa, aliyetelekezwa mume akiwa Unguja, bara au Oman bila habari wala pesa, njia yake ni fasakhi: kadhi anaivunja ndoa kwa sababu, na mwanamke hatoi kitu. Tatizo ni kwamba fasakhi inataka ushahidi na inataka subira, khului inataka pesa tu, na mwanamke aliyechoka huchagua linalokwisha haraka. Tunaomba sana, kabla ya kulipa, kaa na msaidizi wa sheria wa jimbo lako nusu saa. Khului ikipita hakuna rejea, na nafaka ya eda haipo. Na ukiona kwenye karatasi ile pameandikwa kwamba hutadai matunzo ya watoto, usitie saini. Linalowahusu watoto lisiguswe katika biashara ya wakubwa.

Kufungua shauri kunatisha zaidi kwa mbali. Unakwenda kwa sheha kwanza, anasikiliza, anajaribu suluhu, ikishindikana anakupa barua. Ukienda mahkamani chukua barua hiyo, kitambulisho chako, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na daftari. Cheti cha ndoa kikizuiliwa na mume, usikae nyumbani kwa sababu hiyo. Nakala hutafutwa kwenye usajili. Karani anaandika madai, mume anapelekewa wito, mnapangiwa siku. Shauri hukwama hapo kwa sababu ndogo kuliko mnavyodhani: anwani. "Anakaa Wete" haitoshi. Andika shehia, jina la sheha wake, anapofanya kazi, namba ya simu. Wito ukipelekwa ukathibitika na asifike, mahkama ina njia ya kuendelea bila yeye. Usipomfikia, kila siku utaahirishiwa. Asiye na uwezo wa kulipa aseme mapema, kwa kuwa Zanzibar inayo Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu 2018, na Kituo cha Huduma za Sheria pamoja na wanasheria wanawake wa ZAFELA wanasaidia bila malipo.

Kwa dada zetu wasio Waislamu, mahkama yenu ni ya kawaida, si ya kadhi. Na msitegemee Sheria ya Ndoa ya 1971 mnayoisikia redioni. Ile ni ya Tanzania Bara, haifanyi kazi visiwani.

Mali. Sheria ya Mahkama ya Kadhi Namba 9 ya 2017 imempa kadhi uwezo wa kugawa mali ya wanandoa pale penye mchango halisi. Neno la kushika ni mchango halisi. Mwanamke anavuna mwani miaka 10, pesa zinakwenda kwenye matofali, mabati na saruji, nyumba inasimama kwenye kiwanja cha baba mkwe, risiti zote zina jina la mume. Siku ya talaka anaambiwa ardhi ni ya ukoo. Ni kweli, ardhi ni ya ukoo, usiidai. Dai thamani ya ulichojenga. Orodhesha: msingi mwaka gani, mifuko mingapi ya saruji na nani aliibeba, mabati mangapi, fundi nani na alilipwa na nani. Fundi ni shahidi mzuri kuliko jirani, kwa sababu anakumbuka aliyemkabidhi pesa. Ujumbe wa pesa za simu, daftari la kikundi cha hisa linaloonesha mkopo uliochukua mwezi uleule wa kuezeka, picha za ujenzi, vyote ni ushahidi. Ndiyo maana tunakataza furushi la usiku: vitu hivi vimo ndani ya kabati la nyumba unayoikimbia. Walioolewa na wanaishi kwa raha, msichukie tukisema muanze leo kuweka risiti zenu kwenye mfuko wa nailoni. Mume mwema hatadhurika na risiti.

Matunzo ya watoto ni juu ya baba hata watoto wakiwa kwako, na kwa kawaida wadogo hukaa na mama mpaka wafike umri wa kupambanua, kiasi cha miaka saba. Baba akiulizwa anaweza kiasi gani, hutaja kidogo. Wewe njoo na hesabu. Watoto watatu: mchele kilo moja kwa siku ni kilo 30 kwa mwezi, ongeza unga, sukari, mafuta, kitoweo, sabuni, nauli ya skuli, ada ya chuo. Kisha kuna matumizi ya mwaka ambayo kila mtu huyasahau: sare, viatu, madaftari, nguo za Sikukuu mbili, matibabu. Yajumlishe, ugawe kwa 12, uyatie kwenye mwezi. Chukua bei za soko la Chake wiki hiyohiyo, uandike. Kadhi akiwa na karatasi mbele yake ana cha kupunguza. Asipokuwa nayo anakisia.

Na malipo yapite kwa simu au kwa mahkama, kamwe yasiwe mkononi. Mkononi hulipwa miezi miwili mitatu, kisha kimya, kisha kiapo kwamba "nampa kila mwezi". Akiacha kulipa usifungue shauri jipya, rudi kwenye lile la zamani uombe utekelezaji wa hukumu, na kama ni mwajiriwa taja mwajiri wake. Usimtume mtoto kwenda kudai. Mtoto anayerudi na jibu baya kutoka kwa babake analala nalo.

Tumebakisha riziki. Wengi huanza wiki ya kwanza kwa mkopo, na mkopo wa wiki ya kwanza hununua vitanda na masufuria, si mtaji. Ngoja. Ndani ya eda ya rejea unalishwa, na kutoka kwako kuna masharti, hivyo muda ule ni wa kupanga. Msimwambie pia kila mwanamke wa eda kwamba kazi ni haramu: khalati yake sahaba Jabir bin Abdillah, yaani dada wa mamake, aliachwa, akataka kwenda kuvuna tende zake, mtu akamkemea, na Mtume, rehma na amani zimshukie, akamwambia nenda ukavune. Hadithi hiyo iko katika kitabu cha Imam Muslim. Mwenye mikarafuu yake iliyoiva amwulize kadhi, asimwulize jirani.

Anayekwenda kwenye mwani ajue kalenda yake. Tangu kufunga mbegu mpaka kuvuna ni kiasi cha siku 45, na kazi ni ya maji ya bamvua, yale yanayokupwa sana, mara mbili kwa mwezi. Siku za maji mafu hushuki. Mwani mbichi kilo saba hadi 10 unatoa kilo moja tu mkavu, na mvua ikiupiga kwenye kukausha bei inaanguka. Basi kutoka kamba ya kwanza mpaka shilingi ya kwanza ni karibu miezi miwili, na lazima uwe na cha kula katikati. Ukiona unapauka kuwa mweupe na kukatika, maji yamepata joto sana au mvua imeyapunguza chumvi. Vuna ulichonacho haraka na sogeza kamba kwenye maji ya kina zaidi. Mwani wa aina ya spinosamu unavumilia joto kuliko wa aina ya kotonii, ijapokuwa bei yake ni ndogo, kwa hivyo anayeanza aanze nao.

Asiyeweza bahari anaanza jikoni. Kilo moja ya unga inatoa maandazi 30 hadi 40 kwa ukubwa wa kawaida. Biashara hii huuliwa na mambo mawili: kukopesha, na watoto kula mtaji. Toa maandazi ya watoto kwanza, yahesabu kama umeyanunua, na pesa ya unga, sukari na mafuta ya kesho iingie kwenye kopo lake kabla hujanunua mboga. Kikundi cha hisa ingia kwa hisa moja mwanzo, hata kama wenzako wananunua tano. Upatu wa pesa kubwa uache mwaka wa kwanza, kwa kuwa ukikosa mzunguko mmoja utatoka na deni na jina baya, na jina unalihitaji.

Na nyinyi kaka mnaompokea dada aliyeachwa: mpeni chumba chenye mlango unaofungwa na ufunguo. Daftari tulilolisema tangu asubuhi linahitaji pa kuwekwa. Na kama baba amekufa na shamba la mikarafuu halijagawiwa, fungu lake limo mle, asiambiwe kwamba kula kwake kwenu ndiyo fungu.

Sasa tutakwenda kusali adhuhuri, kisha tutarudi hapa kwa masuali. Mwenye suala la hedhi au la kupigwa asiinue mkono mbele ya watu. Dada wawili watakaa chumba cha nyuma, mlango utafungwa. Mliokuja na karatasi za talaka zitoeni mfukoni kabisa, tutaangalia tarehe kwanza.